Neno ‘hewa’ linamficha nani?

Mwaka wa 2025 Wizara ya Elimu iliamua kuwahesabu upya wanafunzi wa shule za umma nchini. Walimu wakuu walitakiwa kuwasilisha takwimu za wanafunzi walioko shuleni mwao, maafisa wa elimu wakatumwa kuzihakiki, na ikatangazwa kwamba shule ambayo takwimu zake hazijathibitishwa haingepata mgao wake wa fedha. Sababu iliyotolewa ilielezwa kwa maneno mawili tu: wanafunzi hewa. Maneno hayo yakatawala vichwa vya habari, yakajadiliwa bungeni, yakatajwa katika vyumba vya walimu kote nchini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Kwetu sisi ambao kazi yetu ni lugha, hilo lenyewe ni jambo la kustaajabisha. Hewa ni kitu halisi kuliko vitu vingi. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwamba hewa ina uzito na huchukua nafasi. Mwalimu hupuliza kibofu, akakifunga, na darasa zima likakubali kwamba ndani yake mna kitu. Mtu akikosa hewa kwa dakika chache hufa. Vipi basi kitu ambacho bila chenyewe hatuishi kikawa ndilo jina la kisichokuwapo? Hebu tulifuate neno hili tangu lilikotoka, kisha tuulize linafanya kazi gani katika mambo yetu ya leo.

Asili yake ni Kiarabu. Katika lugha hiyo mna maneno mawili yanayokaribiana mno kwa sauti, na yote mawili huorodheshwa chini ya mzizi mmoja: moja lina maana ya hewa tunayoivuta, la pili lina maana ya matamanio ya nafsi. Kiswahili kiliyapokea yote mawili na kuyatenganisha kwa irabu moja tu. La kwanza ni hewa. La pili ni hawa, au hawaa kama wengine waandikavyo, yaani tamaa inayompeleka mtu pasipo busara. (Mama yetu Hawa hahusiki hapa. Jina lake katika Kiarabu huanza kwa sauti nyingine ya kooni, ambayo Waswahili hatukujisumbua kuitofautisha.) Mzizi huohuo wa Kiarabu unabeba pia maana ya kuanguka kutoka juu na maana ya uwazi usio na kitu ndani. Msomaji wa Kurani atakumbuka kwamba katika Sura ya Ibrahimu neno hili linatumika kuielezea mioyo ya madhalimu Siku ya Kiyama, na wafasiri wengi huieleza kuwa ni mioyo iliyobaki mitupu. Kwa hiyo wazo la kuihusisha hewa na utupu halikuzaliwa katika ofisi za serikali zetu.

Hata hivyo, sidhani kwamba mwandishi wa kwanza aliyeandika ‘mfanyakazi hewa’ alikuwa akiikumbuka Sura hiyo. Ukiifungua kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Johnson, iliyotoka mwaka wa 1939, utaikuta hewa ya kawaida, ile ya kuvuta na kupunga. Maana hii ya pili ilizaliwa baadaye, na mkunga wake alikuwa mfasiri wa habari. Waingereza humwita mtu wa namna hiyo kwa neno la mzuka: mfanyakazi aliye mzimu. Mfasiri wetu alikuwa na maneno tele ya kumsaidia: mzimu, mzuka, pepo, jini, kivuli. Akayaacha yote.

Nafikiri alikuwa na sababu nzuri, hata kama hakuifikiria kwa muda mrefu. Katika Kiingereza cha leo mzuka ni kitu cha hadithi za kuwatisha watoto. Mtu mzima akilitaja neno hilo hutaka kusema kwamba hapana kitu. Kwetu sivyo. Kwa Mswahili wa pwani jini ni kiumbe halisi, aliyeumbwa, mwenye dini yake na matakwa yake, ila tu haonekani. Wakamba wana aimu, Wabukusu wana emisambwa, na wazee wa jamii hizo hawakuwahi kusema kwamba wahenga hao hawapo. Mzimu ni mtu aliyewahi kuishi, anayejulikana kwa jina na ukoo, na ambaye ana haki yake: akisahauliwa hukasirika. Laiti tungeandika ‘mfanyakazi mzimu’, bibi mmoja kijijini angeweza kuuliza kwa nini basi asilipwe ikiwa yupo! Neno la Kiingereza halikuweza kuvuka kwa sababu imani iliyolibeba haikuvuka nalo.

Maneno mengine yalikuwa na kasoro zao. ‘Wanafunzi wasiokuwapo’ ni fasiri sahihi, lakini mwalimu anapoita daftari la mahudhurio asubuhi, asiyekuwapo ni mtoto halisi aliye nyumbani na homa. ‘Wanafunzi watupu’ ni balaa. Sikio moja litasikia kwamba hawana nguo, na la pili kwamba ni wanafunzi pekee, bila mchanganyiko wa watu wengine. Kivuli nalo limekwisha kuchukuliwa na siasa: nchini Tanzania waziri kivuli ni mbunge wa upinzani, mtu wa nyama na damu anayelipwa mshahara wake wa ubunge kihalali.

Kulikuwa pia na bandia na ghushi, na hapa wanafunzi wangu hukosea mara kwa mara. Bandia lilianzia kwa watoto, kwani mtoto wa bandia ni yule wa matambara anayebebwa mgongoni na kuimbiwa alale. Bandia ana umbo. Noti bandia unaweza kuishika, na cheti ghushi kina karatasi, muhuri na saini. Mwezi wa Februari mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilipotangaza kwamba imegundua vyeti zaidi ya 2,000 vya kughushi miongoni mwa watumishi wa umma, waliohusika walikuwa watu wanaofika kazini, wana madawati, wana wake na waume. Mwalimu bandia husimama mbele ya darasa bila kuwa na ujuzi. Mwalimu hewa hasimami popote. Kuyachanganya maneno haya ni kosa la maana na, ukifikiria vizuri, ni kosa la kisheria pia, kwa sababu wa kwanza anaweza kukamatwa na wa pili hawezi.

Naam, kulikuwa na pengo katika lugha, na hewa ikalijaza. Sarufi yake nayo inapendeza. Nomino imewekwa nyuma ya nomino bila kiunganishi, kama tusemavyo askari kanzu, mbwa mwitu au bata mzinga. Tukikitia kiunganishi, maana inatoroka, maana mfanyakazi wa hewa angeweza kuwa rubani, au mtaalamu wa idara ya utabiri wa hali ya anga. Neno hewa katika muundo huu halibadiliki kamwe. Liwe la mtu, la kitu au la mahali, linabaki vilevile: mshahara hewa, kampuni hewa, shule hewa, wapiga kura hewa, ahadi hewa. Limekuwa, kwa kila hali, kivumishi. Ni mara chache nomino ya asili ya kigeni kupiga hatua kama hiyo katika kizazi kimoja, na wanaotunga kamusi wana wajibu wa kulipa nafasi yake.

Lakini tazama upatanisho wa sentensi nzima. Tunasema: ‘Wanafunzi hewa walilipiwa karo.’ Kiambishi cha nafsi katika kitenzi hicho ni cha ngeli ya viumbe, cha watu wanaotembea na kupumua. Wasiokuwapo wamekalia kiti cha kiima. Kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendewa, na mtendaji ametoweka kabisa. Ni nani aliyelipa? Ni nani aliyeyaandika majina? Fedha ziliingia mfuko upi? Sarufi haiulizi, na msomaji naye, kwa kuwa sentensi imekamilika, haulizi. Linganisha na sentensi nyingine iliyo ndefu kidogo: ‘Fulani aliandika majina 40 ya watoto ambao hawakuzaliwa, akachukua fedha zao.’ Hapa yupo mtu, ana mkono, na mkono una kalamu.

Haya ndiyo malalamiko yangu juu ya neno hili ambalo kwa upande mwingine nalisifu. Hewa linamtaja asiyekuwapo ili tusimtaje aliyepo. Hakuna mfanyakazi hewa aliyewahi kula hata shilingi moja, hana mdomo. Kila mshahara hewa umeliwa na mtu mwenye jina kamili, kitambulisho na akaunti ya benki. Walimu wa Kiswahili wanaotafuta zoezi la kauli za vitenzi wasihangaike na ‘mpira ulipigwa na Juma’. Wachukue ukurasa wa habari za ufisadi, wawape wanafunzi kazi ya kuirudisha kila sentensi katika kauli ya kutenda, kisha waone ni ngapi zinazogoma kwa kukosa kiima.

Mkasa wa Shinyanga unalionyesha hili vizuri. Mwaka wa 2016 Rais John Magufuli wa Tanzania aliwaagiza wakuu wa mikoa wawasake wafanyakazi hewa, na kufikia mwezi wa Mei idadi ya waliogunduliwa nchini humo ilikuwa imepita 10,000. Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, Anne Kilango Malecela, alitoa taarifa kwamba mkoani mwake hakukuwa na mfanyakazi hewa hata mmoja. Rais akatuma wakaguzi, wakawapata 45, na mwezi wa Aprili akamfuta kazi, hata mwezi mmoja haujatimia tangu alipoapishwa. Mwanamantiki angeweza kucheka hapa: alifukuzwa kwa kusema kwamba wasiokuwapo hawapo. Ila waliocheka walikuwa wachache, maana wote walijua kwamba maana halisi ya ‘mfanyakazi hewa’ ni jina lililoko kwenye orodha ya malipo, na majina yalikuwapo. Kisa hiki kinatufundisha neno linakaa wapi. Mwili haupo; jina lipo, na jina ndilo linalolipwa.

Sisi Wakenya tuna kisa chetu kinachoshinda hicho kwa vichekesho. Kampuni iliyoitwa Anglo Leasing and Finance ilipewa zabuni ya mfumo wa kutengenezea pasipoti, na mwaka wa 2004 ikabainika kwamba haikuwa kampuni halisi. Kelele zilipozidi, karibu yuro milioni moja zilizokuwa zimekwisha kulipwa zikarudishwa serikalini kutoka ng’ambo. Hewa ilirudisha fedha! Mtu anayerudisha pesa kwa hofu ana moyo unaopiga, lakini magazeti yaliendelea kuiita kampuni hewa, na jina hilo likawa blanketi la kuwafunika waliokuwa ndani yake.

Tabia hii ya kulipia majina si yetu peke yetu. Mwandishi wa Kirusi Nikolai Gogol alichapisha mwaka wa 1842 riwaya ya tapeli anayezunguka vijijini akiwanunua watwana waliokwisha kufa, kwa kuwa majina yao hayajafutwa katika sensa na anaweza kukopea fedha juu yao. Urusi ya wakati ule iliwahesabu watwana kwa neno la roho: bwana fulani ana roho 100, bwana fulani ana roho 300. Sisi tunahesabu vichwa. Hata neno la Kiingereza wanalolitumia maafisa wetu kwa mgao wa fedha za wanafunzi lina kichwa cha Kilatini ndani yake.

Na kichwa kina historia katika nchi hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilitoza kodi ya nyumba, na watu wakabanana katika nyumba chache ili wapunguze malipo. Serikali ikaleta kodi ya kichwa, na vichwa vikaanza kujificha: vijana waliingia porini karani alipoonekana mlimani na daftari lake. Siku hizo daftari lilikuwa na majina machache kuliko watu. Karne moja baadaye, serikali ikaanza kulipa kwa kila kichwa badala ya kutoza, na daftari likawa na majina mengi kuliko watu. Sioni kwamba Mkenya amebadilika tabia kati ya nyakati hizo mbili. Kilichobadilika ni mwelekeo wa shilingi.

Shilingi zenyewe ni hizi. Tangu mwaka wa 2018 mgao rasmi wa mwanafunzi mmoja wa sekondari ya kutwa umekuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Kwa mwanafunzi wa sekondari msingi ni shilingi 15,042, na kwa wa shule ya msingi ni 1,420. Mwalimu mkuu wa sekondari akiongeza majina 50 kwenye orodha, shule yake inastahili, kwa makaratasi, zaidi ya shilingi milioni moja. Wapo wanaofanya hivyo ili wajenge nyumba zao. Wapo pia, na walimu wanaosoma safu hii wanawajua, wanaofanya hivyo ili wapishi walipwe na chaki inunuliwe, kwa kuwa fedha za wanafunzi halisi hazifiki zote. Kosa ni kosa. Lakini sababu za makundi hayo mawili hazilingani, na neno hewa halina uwezo wa kuzitenganisha.

Mwezi wa Julai mwaka wa 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya Bunge kwamba serikali ilikuwa ikimudu takriban shilingi 16,900 tu kwa kila mwanafunzi wa sekondari badala ya zile 22,244. Toa hesabu. Zinabaki shilingi 5,344 zilizoko katika sera, zilizoahidiwa kwa jina la kila mtoto, na ambazo hazipo. Kwa mujibu wa maana tuliyokwisha kuieleza, jina lipo na mwili haupo, hizo ni shilingi hewa. Sijasikia afisa yeyote akiziita hivyo. Zinaitwa upungufu, zinaitwa changamoto za bajeti. Kivumishi kilekile kinachomwangukia mwalimu mkuu wa kijijini mara moja hakipandi ngazi za Hazina Kuu. Ukitaka kujua ni nani mwenye nguvu katika nchi, tazama ni dhambi ya nani iliyopewa neno kali na ni ya nani iliyopewa neno laini. Watoto waliorudishwa nyumbani muhula huo kwa kukosa karo hawakuambiwa kwamba wana shilingi 5,344 za kwao mahali fulani angani.

Liko jambo jingine, na ndilo linalonisumbua zaidi. Mfumo wa kuwasajili wanafunzi kwa kompyuta, ulioanzishwa mwaka wa 2017, ulidai cheti cha kuzaliwa ili mtoto apewe nambari yake. Asiye na cheti hakupata nambari, na asiye na nambari hakuhesabiwa katika mgao. Katika kaunti za wafugaji na mipakani, mahali ambapo ofisi ya usajili wa vizazi iko mbali na mama hujifungulia nyumbani, watoto wa namna hiyo ni wengi. Wanakalia madawati, wanakula uji wa shule, wanafanya mtihani wa mwisho wa muhula. Kwa mfumo hawapo. Hao ni kinyume kamili cha wanafunzi hewa, maana miili ipo ila majina hayapo. Nimetafuta neno la Kiswahili la kuwaita, sijalipata. Lugha iliyounda kivumishi maridadi kwa ajili ya mtoto asiyezaliwa aliyeandikwa haijaunda chochote kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa asiyeandikwa. Si ajabu. Yule wa kwanza anaigharimu serikali fedha, na huyu wa pili anaiokolea.

Hali hii si ya watoto peke yao. Kwa miongo mingi Wapemba wanaoishi Kwale na Kilifi, wengi wao wakiwa wazao wa wavuvi waliovuka kutoka kisiwa cha Pemba, walikuwa Kenya bila kuwamo katika vitabu vya Kenya. Walizaliwa hapa, waliozana hapa, wakavua samaki waliouzwa sokoni Mombasa, lakini hawakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho mvuvi hakupata leseni, na mtoto wake alipata taabu kuendelea na masomo. Kiswahili chao ni fasaha kuliko cha maafisa waliowakatalia. Mwaka wa 2023 serikali iliwatambua rasmi kuwa raia, kama ilivyokuwa imewatambua Wamakonde miaka michache kabla. Watu wazima walipanga foleni ili waandikwe, miongoni mwao wazee waliokuwa wamewahi kumwona gavana wa mwisho wa Kiingereza akiondoka. Karani aliyekuwa mezani alimuuliza kila mmoja jina lake, la baba yake, na mahali alipozaliwa, akayaandika.